Kukwaza na kukwazika si kitu kimoja: kisa cha kata ya mbege

#1 Mwana_wa_Kihamba (mleta mada)

Wakuu, salamu. Uzi huu ni mrefu, asiye na muda apite tu. Nimeuandika mara tatu nikaufuta.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, nyumbani Old Moshi, kazi Dar, na mzee wa kanisa kwa miaka 9 sasa. Bia nakunywa, moja au mbili Ijumaa jioni. Mke wangu anajua, mchungaji anajua, sijifichi nyuma ya friji. Na kwetu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, si kinywaji tu. Posa inapelekwa na mbege, msamaha unaombwa kwa mbege, ndugu wakigombea mpaka wa kihamba (shamba la ukoo) wakapatana, kinachofunga kikao ni mbege. Asiyeelewa hilo ataona kisa hiki ni cha walevi.

Desemba iliyopita ukoo mzima tulipanda nyumbani. Mama mdogo alipika mapipa mawili. Ndizi zimechemshwa zikakaa siku zake, uji wa mso (ulezi) umeingia, msesewe (gome chungu) umekolea vizuri, si ule uchungu wa kukunja uso. Mdogo wangu wa mwisho naye alikuja. Huyu alikuwa mtu wa gongo. Gongo ilimla kazi ya udereva, ikamla ndoa, mpaka siku aliyopiga magoti sebuleni kwangu tukaomba pamoja. Kufikia Desemba ile alikuwa na miezi 14 hajagusa. Niliihesabu naye.

Tarehe 26 alasiri tuko chini ya mparachichi, mimi ndiye nagawa. Kata, chombo cha kunywea, inazunguka. Nilipomfikia nikaonja kwanza kama desturi, nikampa. Msiniulize kama nilisahau. Sikusahau. Moyoni nilikuwa na sababu mbili tayari: mbege si gongo, na yeye ni mtu mzima, asipotaka atasema. Baba mdogo, mzee wa miaka 80 na zaidi, ameketi pale pale anatazama.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akapuliza povu pembeni. Kulikuwa na nzi ukingoni mwa kata, akamsubiri yule nzi aruke. Nakumbuka kusubiri kule kuliko kitu chochote cha siku ile, maana sasa najua alikuwa anatafuta sekunde chache. Kisha akanywa yote bila kupumzika. Watu wakapiga makofi, "amerudi nyumbani huyu!" Na mimi nilipiga makofi.

Hakurudi Dar na sisi. Kufika katikati ya Januari alikuwa ameshavuka mbege, amerudi kwenye gongo.

Sasa sikilizeni la pili, ndilo lililonifanya nifungue uzi. Mwezi uleule, mama mmoja wa usharikani kwetu alinikuta mgahawani nina chupa moja mezani na sahani ya ndizi. Kesho yake ukaingia ujumbe kwenye kundi la wazee: "Nimekwazika sana na mzee wetu." Nikaitwa kikao. Nikaomba radhi, nikasimama nikaombewa. Saa mbili nzima zilikwenda kwenye ile chupa.

Yule mama hata umwagie bia kichwani hataonja. Ana miaka 30 kwenye wokovu, imani yake ni nguzo ya zege. Na mdogo wangu hakuwahi kusema neno "kukwazika". Hakuandika kwenye kundi lolote, hakuitisha kikao. Alianguka tu.

Nimekaa na hili neno muda mrefu. Zamani ukisema umejikwaa, kidole kinavuja damu. Jiwe liko njiani, mguu umeligonga, umekwenda chini. Kumkwaza mtu ni kumwekea hilo jiwe. Leo kanisani "nimekwazika" maana yake ni nimeudhika, sijapenda, hukuniheshimu. Tumelichukua neno la mtu aliyeanguka tukampa mtu aliyenuna. Na aliyenuna ana sauti, kwa hiyo tunakimbizana kumpoza yeye, huku aliyeanguka yuko mtaroni hana hata bando la kutuma ujumbe.

Paulo kwenye 1 Wakorintho 8 hasemi habari za mtu kuchukia kukuona unakula. Anasema yule ndugu atakuona wewe mwenye ujuzi umeketi mezani ndani ya hekalu la sanamu, naye atapata ujasiri wa kula kama wewe huku dhamiri yake inamkataza, na hilo litamwangamiza. Yaani hatari si kwamba atakulaumu, ni kwamba atakufuata. Mtu anayenilaumu hana nia ya kunifuata, huyo sijamkwaza kwa maana ya Paulo. Nimemuudhi, na kuudhi nako kuna adabu yake, ila ni shauri lingine.

Na uhuru wenyewe Paulo haufuti. "Vitu vyote ni halali, bali si vyote vijengavyo." Anaanza na halali. Angekuwa anataka kupiga marufuku angepiga, kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Swali langu kwenu: mpaka uko wapi? Nikiacha kila kinachomuudhi mtu nitabaki na maji na wimbo namba 1. Nikishika uhuru wangu, nimeshaona ulichofanya chini ya mparachichi. Na je, lile la mdogo wangu ni dhambi yangu au ni yake? Msinihurumie.

---

#2 Kisusio_Supu

Nimekaa pale, ngoja wajuzi waje.

#3 Mjoli_wa_Bwana

Mleta mada, unazunguka sana. Pombe ni dhambi, Mithali 20:1 na 23:31-32 ziko wazi, Waefeso 5:18 iko wazi. Ungeacha pombe siku uliyookoka, hicho kisa kisingekuwepo. Mnatafuta uhuru wa kutenda dhambi halafu mnalia matokeo. Mdogo wako umemuua kwa mkono wako, tubu.

#4 RC_Damu

@Mjoli_wa_Bwana pale Kana, Yesu alipogeuza maji kuwa divai, mabalasi yalikuwa sita, kila moja nzio mbili au tatu, na wageni walikuwa wameshakunywa ya kwanza ikaisha. Au ile ilikuwa juisi ya ukwaju?

#5 Mjoli_wa_Bwana

Ilikuwa divai isiyolevya.

#6 RC_Damu

Na mkuu wa meza akashangaa divai njema imewekwa mpaka watu "wamekunywa sana". Wameshiba zabibu, sawa.

#7 Mwana_wa_Kihamba

Wakuu, uzi huu usigeuke wa Kana, nyuzi za Kana zimejaa humu. @Mjoli_wa_Bwana la mdogo wangu nalipokea, tena umelisema kwa upole kuliko ninavyojisemea usiku. Ila hoja yako ina tundu. Tuseme ni togwa. Tuseme ni nyama. Tuseme ni mpira wa Jumapili. Swali linabaki palepale: kitu ambacho kwangu hakina ubaya kinaweza kumwangusha mwingine, nifanye nini? Ukisema kila kitu ni dhambi umekwepa swali, hujalijibu.

#8 Ngosha_wa_Geita

Naomba nilete nyama, maana Paulo alikuwa anasema nyama, nanyi mmeng'ang'ania pombe.

Kwetu Kanda ya Ziwa mnakumbuka mwaka 2013. Buseresere, Februari ile. Ubishi wa nani achinje, Mkristo akichinja mwenyewe na kuuza iwe kosa au haki yake, ukaishia kwa mchungaji kuuawa. Mimi nilikuwa kijana, na vijana wengi wa makanisa tulikuwa moto: ni haki yetu, hakuna sheria ya Mungu inayomlazimu Mkristo ale kilichochinjwa na mwenye dini nyingine. Hoja ilikuwa kweli. Nasema tena, hoja ilikuwa kweli na waliomwaga damu walifanya uovu usio na maelezo.

Miaka michache baadaye nikaoa. Ng'ombe wawili. Mtaa wetu nusu ni Waislamu, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha ufundi wa kuchomelea, nimekula kwake miaka mitatu nikiwa sina kitu. Nikamwita yeye achinje. Alikuja alfajiri na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti, akanoa pale pale kwenye jiwe la ngazi ya kanisa, akachinja, akanawa, akaondoka kwenda kujiandaa kwa sherehe. Watu wa kwaya wakaninunia. Mmoja akasema nimelisaliti kanisa, eti nyama imesomewa.

Niliwajibu kwa 1 Wakorintho 10. Kiuzwacho sokoni kuleni bila kuuliza. Mkialikwa na asiyeamini na mkapenda kwenda, kuleni. Halafu mwisho wa sura anasema msiwakoseshe Wayahudi, wala Wayunani, wala kanisa la Mungu. Mnaona mpangilio? Kanisa ni la tatu. Wa nje nao wamo. Mimi kula naweza kula kilichochinjwa na yeyote, kwa hiyo hainigharimu kitu. Yeye hawezi. Anayeweza ndiye anayesogea. Siku ile mtaa mzima ulikula sufuria moja.

Angekuja mtu na panga kuniamuru nani achinje, hapo ningejibu vingine.

#9 Kisusio_Supu

Hapo mwisho umemaliza mkuu. Kuombwa na kuamriwa.

#10 Mwanafunzi_wa_Teolojia

Niongezee @Ngosha_wa_Geita, hiyo sentensi yake ya mwisho ina historia.

Paulo huyuhuyu alimtahiri Timotheo kwa sababu ya Wayahudi wa mahali pale (Matendo 16:3). Na Paulo huyuhuyu akagoma Tito asitahiriwe (Wagalatia 2:3). Mwili uleule, kisu kilekile. Kwa Timotheo hakuna aliyesema "asipotahiriwa hataokoka", ilikuwa ni kufungua mlango wa kuingia masinagogi. Kwa Tito kuna watu walitaka iwe sharti, na Paulo anasema hakuwapa nafasi hata saa moja. Kwa hiyo ukitafuta kanuni kwenye kitendo hutaipata. Iko kwa mtu aliye mbele yako, na anataka nini kwako.

Na kwa kuwa mleta mada ni Mlutheri mwenzangu: Luther aliandika mwaka 1520 kwamba utakutana na watu wa aina mbili. Kuna wabishi wa taratibu, wanaoshikilia kwamba bila kufunga na bila sheria zao hakuna wokovu. Hao, anasema, wapinge, kula mbele yao. Na kuna wanyonge ambao hawajafika kuelewa. Hao wavumilie, jizuie kwa ajili yao. Makosa makubwa ni kuwachanganya: kumtendea mbishi kama mnyonge, na mnyonge kama mbishi. Mleta mada, nadhani ulifanya yote mawili ndani ya mwezi mmoja.

Halafu 1522. Luther amefichwa kwenye ngome ya Wartburg, huku nyuma mjini kwake Wittenberg akina Karlstadt, mwalimu mwenzake, wanageuza ibada kwa kasi, picha zinavunjwa. Mengi waliyofanya Luther aliyakubali. Lakini akarudi Machi ile akapanda mimbarani siku nane mfululizo kuwaambia: mmekuwa sahihi bila upendo, mmefanya hiari kuwa lazima, mmewakimbia ndugu zenu walio nyuma. Na utani wake maarufu uko humo: yeye alihubiri tu, akalala, akanywa bia ya Wittenberg na akina Philip Melanchthon na Amsdorf, na Neno likafanya kazi yote. Bia nyumbani kwake baadaye alipika mkewe, Katharina, tena kwa sifa. Kwa hiyo mtu wa bia ndiye aliyehubiri kuhusu kuwasubiri wanyonge. Hakuona mgongano.

#11 RC_Damu

Mama mdogo wa Wittenberg.

#12 BintiPare

Nimesoma kimya mpaka hapa. Naomba niseme kitu na wakuu msinirukie.

Nyie wanaume mnajadili "mwenye nguvu ajizuie" kama jambo jipya. Sisi tumejizuia tangu darasa la tano. Suruali inamkwaza kaka. Rasta zinamkwaza mama mchungaji. Heleni zinawakwaza wana uamsho. Mimi nimewahi kurudishwa mlangoni mwa kanisa, mbele ya mtu ninayemfahamu anavyoishi, eti magoti yangu yatamwangusha. Mzee mlangoni alinifunga khanga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, sikuombwa hata ruhusa. Nilikuwa na miaka 16. Nilikaa benchi la nyuma na khanga ya mtu nisiyemjua, ina harufu ya moshi, na sikusikia neno lolote la mahubiri.

Sasa niambieni, pale nani alikuwa mwenye nguvu na nani mnyonge? Paulo anamwambia mwenye nguvu apunguze. Kanisani kwetu anayeambiwa apunguze siku zote ni binti, mgeni, kijana, na anayekwazika siku zote ni mzee mwenye cheo. Imegeuzwa juu chini. Mwenye mamlaka anajiita mnyonge ili aendelee kuamuru.

Mleta mada, lile la yule mama na chupa limekuuma kwa sababu ni mara ya kwanza. Karibu.

#13 Mama_wa_Tabata

@BintiPare mwanangu, pole. Mimi ni mtu wa hizo khanga. Nilikuwa nazo tatu kwenye mkoba, kila Jumapili. Tuliamini tunawasitiri. Hakuna aliyetuambia mtoto anasikia nini chini ya ile khanga. Sina zaidi.

#14 BintiPare

Shikamoo mama. Nimekuelewa. Asante.

#15 Mjoli_wa_Bwana

Kwa hiyo sasa kila mtu avae apendavyo?

#16 BintiPare

Hapana kaka. Kila mtu aombwe, asiamriwe, na anayeomba awe na sababu ya kweli. Bibi yangu akiniomba nivae gauni nikienda kwake navaa, tena refu. Simuoni kama anaonea mtu. Anafurahi, nami ananipa maharage ya kurudi nayo.

#17 Mkisii_Nairobi

Hodi majirani. Kwetu hii ya uamsho tunaijua vizuri, ilitoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ikapita Uganda ikatufikia, wazee wetu waliimba Tukutendereza mpaka wakafa. Babangu alikuwa mmoja wao. Pombe hakugusa maisha yake yote. Lakini niwaambie kitu kimoja kumhusu. Mjomba wetu mlevi alikuwa anakuja kwetu kila jioni, akiwa ametoka kilabuni, na babangu hakuwahi kumfungia mlango wala kumhubiria akiwa amelewa. Alimwekea kiti chake karibu na jiko na uji wake ukawekwa. Mamangu alilalamika: watoto wanaona. Baba akasema, waone.

Wale wazee walikuwa wakali, ndio. Lakini ukali wao mwingi waliumalizia kwao wenyewe. Waliungama mbele ya watu wizi wa kuku waliowaiba wakiwa wavulana, wakarudisha na kuku. Siku hizi tumerithi ukali, kuku hatujarithi.

#18 Kisusio_Supu

"Kuku hatujarithi" 😂😂 naichukua hii.

#19 Dereva_Mstaafu_wa_Chupa

Mleta mada, mimi nina miaka 6 bila pombe, nazungumza kutoka upande wa mdogo wako.

Umeuliza dhambi ni ya nani. Sisi tuliotoka huko hatupendi mtu akibeba mzigo wetu wote, maana ukiubeba wote unanifanya mtoto. Kunywa alikunywa yeye. Lakini usitumie hilo kujisafisha. Ulijua, na ulimpa mbele ya watu. Hiyo ya pili ndiyo kubwa kuliko mbege yenyewe. Chupa iliyoko kabatini kwako mimi haina habari nami. Kata iliyo mkononi mwa kaka yangu mkubwa, baba mdogo anatazama, ukoo umenyamaza, ile si mbege tena. Pale kukataa ni kukataa ukoo.

Kwetu kanisani Meza ya Bwana ilikuwa divai kweli. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa napokea mkate, kikombe kikikaribia nainamisha kichwa kinapita. Harufu tu ilikuwa inanitetemesha magoti. Hakuna niliyemwambia, ningemwambia nani? Siku moja mchungaji aliniita ofisini, sikumbuki hata alianzaje, akasema tu kuanzia Jumapili kikombe kidogo cha mwisho upande wa kushoto kwenye sinia kitakuwa zabibu ya kuchemsha, chukua hicho. Hakutangaza. Hakubadilisha divai ya usharika mzima, hakufanya semina ya ulevi. Kikombe kimoja, upande wa kushoto. Wa kushoto wangu mimi, sio wake, hata hilo alilifikiria.

Mimi sikumuomba. Aliniona. Mtu aliye kwenye hali yangu hawezi kusema "nimekwazika", mkuu, umelisema sawa kabisa. Hiyo ni lugha ya watu waliosimama.

#20 Ngosha_wa_Geita

Nimesoma hii mara mbili.

#21 Mwanafunzi_wa_Teolojia

Neno ambalo Paulo anatumia mwisho wa sura ya 8 linatokana na skandalon ya Kigiriki, kile kijiti cha mtego chenye chambo, mnyama akikigusa tu mtego unafyatuka. Kijiti chenyewe hakina ubaya, ni kijiti. Nilikuwa nalijua hilo la mtihani. @Dereva_Mstaafu_wa_Chupa umenionyesha kilipo.

#22 Mjoli_wa_Bwana

Mimi msimamo wangu kuhusu pombe haujabadilika na hautabadilika. Ila mleta mada, pale #3 niliandika umemuua. Hajafa. Nifute hilo. Jina lake naweza kulipata PM nimuombee? La kwanza tu.

#23 Mwana_wa_Kihamba

@Mjoli_wa_Bwana nimekutumia. Asante sana kaka.

Wakuu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilipanda Moshi wikiendi. Nilimkuta asubuhi, saa ambayo bado ni yeye. Tulikaa mgombani, sikwenda na Biblia wala na maji ya kunywa. Nikamwambia: nilijua, na nilikupa mbele ya watu. Maneno ya @Dereva_Mstaafu_wa_Chupa nimeyaiba kama yalivyo, unisamehe.

Alinyamaza muda. Anachuna gome la mgomba kwa kucha. Kisha akauliza kwa nini nilipiga makofi. Sikuwa na jibu. Nilimwambia sina jibu.

Nikamwambia nimeamua mbege haitapikwa tena nyumbani maadamu yeye yupo. Nilitegemea, sijui, afurahi. Alikasirika. Akasema, "Kwa hiyo mwakani ukoo wote watanywa soda na kila mtu atajua ni kwa ajili ya nani? Meku (mzee wetu) atakaa chini ya mparachichi na Fanta, anitazame?" Hapo nikaona nimekaribia kurudia kosa lilelile kwa upande wa pili, kujizuia kwa sauti kubwa mpaka anayesaidiwa aone aibu.

Nikamuuliza basi anataka nini. Akasema anataka kata. Aipokee ikifika zamu yake kama wengine, baba mdogo amwone ameipokea, na ndani yake iwe togwa. Ajue yeye, nijue mimi mgawaji, na mama mdogo mpishi. Basi. Mengine aliyosema ni yetu wawili. Jumatatu alikubali nimpeleke kwa watu waliomsaidia mara ya kwanza, tumefika, wamempokea. Siahidi kitu, bado ni siku chache.

@BintiPare uliniambia "karibu" na nimekaribia. Kikao kijacho cha wazee nina jambo la kusema kuhusu khanga za mlangoni. Watakwazika.

Bia yangu ya Ijumaa bado naitafakari, sitawadanganya kwamba nimeacha. Kwa sasa nimeiacha siku ambazo yeye yuko kwangu, na sijamwambia.

Ombi moja la kawaida kabisa: mwenye kujua togwa ya ulezi ya rangi ile ile ya mbege, isiyochachuka ikikaa na mapipa ya pombe siku nzima, anisaidie. Mama mdogo anasema ya kwake ikifika jioni inakuwa pombe nayo.

#24 Mama_wa_Tabata

Mwambie mama mdogo apike uji wa ulezi alfajiri ya siku yenyewe, sio jana yake. Aupoze ubaki vuguvugu ndipo atie kimea cha ulezi, ukiwa wa moto sana kimea kinakufa, hautakuwa mtamu. Mchana inakuwa tayari. Achuje, kisha aiweke kwenye ndoo yake peke yake, yenye mfuniko, mbali na mapipa, na asichote kwa kata iliyoingia kwenye mbege hata mara moja, ndiyo inayochachua haraka. Ndoo ikae ndani ya beseni la maji baridi kivulini. Rangi akitaka ikolee, aponde ndizi mbivu moja ndani.

Kata ya mdogo wako muitie alama kwa chini, mahali pa kidole gumba. Mgawaji ataihisi bila kuangalia.